Sauti Nne Sokoni Haydom

Mji wa Haydom, wilayani Mbulu, hauna cha kumsimamisha mpita njia. Kuna mabati yaliyoshika kutu, bodaboda zinazosubiri abiria, mafungu ya vitunguu juu ya turubai, na vumbi. Macho hayaoni ajabu. Masikio ndiyo yanayoduwaa.

Mama wa Kidatooga, sketi yake ya ngozi imejaa shanga, alikuwa akibishana bei na muuzaji Mwiraqw. Walitumia Kiswahili. Muuzaji akamgeukia mwenzake, akaingia katika Kiiraqw, na papo hapo kooni mwake zikatoka sauti ambazo alfabeti yetu haina herufi zake. Nyuma yao Wanyiramba wawili walipita wakisemezana kwa Kinyiramba. Kutoka bonde la Yaeda hufika pia Wahadzabe, wenye lugha ya vidoko.

Kiiraqw ni Kikushi, jamaa wa mbali wa Kisomali. Kidatooga ni cha Wanailoti, Kinyiramba ni cha Kibantu. Kihadza, ambacho Joseph Greenberg alikiweka katika kundi la Khoisan mwaka 1963, leo wanaisimu wengi hukiona hakina ndugu. Asili nne za lugha, soko moja! Ni vigumu kutaja mahali pengine barani penye mkusanyiko wa namna hii.

Mkusanyiko huo haukuletwa na mapenzi. Katika karne ya 19 Wamaasai waliwasukuma Wadatooga kutoka Ngorongoro, na kaburi la kiongozi wao mmoja lingali huko, likiheshimiwa. Wairaqw nao walienea kutoka Irqwar Da'aw, kitovu chao cha milimani, wakaingia malishoni mwa wenzao. Kisha, kuanzia miaka ya 1970, tambarare za Hanang ziligeuzwa mashamba ya ngano ya serikali kwa msaada wa Kanada, ekari zipatazo 100,000. Wabarbaig, tawi la Wadatooga, walipoteza malisho bora, na wakalalamika kwamba matrekta yalipita juu ya makaburi ya wazee wao. Ngano hiyo ilioka mikate ya miji yetu; sijui washairi wangapi waliuliza ililimwa wapi.

Kiswahili hakina mikono misafi kabisa hapa. Kinawapatanisha sokoni, lakini shuleni kinachukua nafasi ambayo mtoto wa Kiiraqw angeisikilizia slufay, dua ya kishairi ambayo mzee huighani na wasikilizaji huiitikia. Na mwanamke wa Kidatooga aliyeolewa hutakiwa kulikwepa jina la baba mkwe wake, hata maneno yanayofanana nalo, hivyo hutafuta mengine badala yake. Sisi tunaohangaikia vina tungeona haya mbele ya kazi hiyo.

Bei ilipatikana. Mama akafunga vitunguu vyake, akasema jambo kwa Kidatooga, kama anayejisemea. Muuzaji akacheka, akamjibu kwa Kidatooga.