Usitishaji wa hedhi kwa vijana transjenda

Usitishaji wa hedhi ni matumizi ya dawa, hasa za homoni, ili kupunguza au kusimamisha hedhi kwa muda. Hutumika kwa watu wenye damu nyingi au maumivu makali, na pia kwa vijana transjenda, yaani wale ambao jinsia wanayojitambua nayo haiendani na ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Toleo la 8 la miongozo ya WPATH (2022) linautaja kwa vijana wasiotaka testosteroni, wasioianza bado, au wanaoitumia lakini bado wanatokwa damu.

== Sababu ==
Kwa kijana mwenye kizazi anayejitambua kama mvulana, au asiyejitambua kama mvulana wala msichana, hedhi inaweza kuleta dhiki kubwa. Wengine hukwepa shule au vyoo vya pamoja siku hizo.

Wengi huuliza kama damu isiyotoka hujikusanya mwilini. Haijikusanyi: homoni huufanya utando wa ndani wa kizazi ubaki mwembamba, hivyo hakuna cha kutoka. Hata damu ya wiki ya mapumziko ya vidonge vya uzazi wa mpango si hedhi halisi, bali ni matokeo ya homoni kukatizwa. Mwaka 2003 Marekani iliidhinisha vidonge vya Seasonale, ambavyo humezwa siku 84 kabla ya mapumziko ya siku 7.

== Mbinu ==
* Vidonge vyenye estrojeni na projestini, vinavyomezwa mfululizo bila mapumziko. Huzuia mimba pia. Havifai kwa aliyewahi kuganda damu mishipani, mwenye shinikizo la juu la damu, au mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli. Baadhi ya vijana hawataki estrojeni.
* Noretisteroni asetati, kwa kawaida miligramu 5 kila siku. Ni projestini peke yake, lakini haijaidhinishwa kuwa kinga ya mimba.
* Sindano ya miezi mitatu (Depo-Provera), inayojulikana sana Afrika Mashariki. Baada ya mwaka mmoja, takriban nusu ya watumiaji hawapati hedhi. Hupunguza madini ya mifupa, ambayo kwa sehemu kubwa hurudi ikiachwa, na uwezo wa kushika mimba huweza kuchelewa kurudi.
* Kitanzi chenye homoni ya levonogestreli. Hukaa miaka kadhaa na hupunguza damu sana. Kuwekwa kwake hupitia ukeni, jambo linaloweza kumtia kijana dhiki. Kisichanganywe na kitanzi cha shaba, ambacho huweza kuongeza damu.
* Kipandikizi cha mkononi. Huzuia mimba vizuri, ila damu yake haitabiriki.
* Testosteroni, kwa anayetaka pia mwili wa kiume. Mara nyingi hedhi hukoma ndani ya miezi 6 hivi. Sauti ikishakuwa nzito hairudi.
* Dawa za kuzuia balehe. Ni ghali na huathiri mifupa. Uingereza ilizipiga marufuku mwaka 2024 kwa wagonjwa wapya wa chini ya miaka 18 wanaotafuta huduma za jinsia.

== Kuchagua ==
Hakuna mbinu iliyo bora kwa wote. Mhudumu wa afya huanza kwa kuhakikisha hakuna mimba wala ugonjwa unaosababisha damu isiyo ya kawaida, kisha huuliza: je, kijana anataka damu ikome kabisa, au ipungue tu? Anahitaji kinga ya mimba? Anaweza kukumbuka kidonge kila siku, na kukihifadhi kwa faragha? Anatumia dawa nyingine? Rifampisini ya kifua kikuu, kwa mfano, hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi.

Kijana aelezwe mapema kwamba matone ya damu ni ya kawaida katika miezi ya mwanzo, na kwamba hakuna mbinu inayohakikisha damu kukoma kabisa. Asiyejua hayo huweza kuiacha dawa kabla haijafanya kazi.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba kukosa hedhi si kinga ya mimba. Anayetumia testosteroni anaweza kushika mimba hata kama hatokwi damu, na dawa hiyo huweza kudhuru mimba. Akiwa na uhusiano unaoweza kuleta mimba, anahitaji kinga nyingine, na kondomu dhidi ya magonjwa ya zinaa.