Mali bila daftari: habari ya mgodi wa Kiwira

Ukitoka hapa Makumira ukashika barabara kuu ya kwenda Arusha mjini, utaufikia Mnara wa Azimio. Wengi wetu tunaupita tukiwa tumebanana ndani ya daladala wala hatuutazami. Mnara ule ni ukumbusho wa Azimio la Arusha la Februari 1967, lililotamka kwamba njia kuu za uchumi, yakiwemo madini na nguvu za umeme, ziwe mikononi mwa wananchi kwa kupitia Serikali yao. Leo tutazame maneno yale yalifika wapi katika mahali pamoja tu, mbali na sisi: mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira.

Kiwira ipo kusini-magharibi ya nchi, mpakani mwa wilaya za Kyela na Ileje, si mbali na Ziwa Nyasa. Wajerumani walijua tangu mwisho wa karne ya 19 kwamba upande ule kuna makaa. Lakini utajiri uliolala ardhini haumwashii mtu taa. Mwaka 1972 Serikali ilianzisha Shirika la Madini la Taifa, yaani STAMICO, na katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Wachina, mgodi wa Kiwira ukajengwa. Ulianza kazi mwaka 1988. Ulikusudiwa kutoa tani 150,000 kwa mwaka, na kando yake kikawekwa kituo cha umeme cha megawati 6.

Mpango ule ulikuwa wa akili. Makaa yakitoka shimoni husagwa na kuchomwa, maji yakachemka, mvuke ukazungusha mtambo, umeme ukapatikana. Sehemu ya umeme inarudi shimoni kuendesha pampu za kutoa maji na feni za kuwapelekea wachimbaji hewa, na sehemu nyingine inauzwa kwa TANESCO. Makaa yanayobaki yanauzwa viwandani. Basi mgodi unajilisha wenyewe.

Hata hivyo, kitu kinachojilisha chenyewe kina udhaifu wake. Mteja asipolipa, vipuri havinunuliwi. Bila vipuri makaa hayatoki. Bila makaa umeme hakuna. Na bila umeme pampu husimama. Mgodi wa chini ya ardhi haufungwi kama duka, ukaja kufunguliwa mwakani ukiwa vile vile. Ukiachwa, maji huingia na kuta hulegea. Kiwira haukuufikia uwezo uliojengewa, na kila mwaka uliopita hali ilizidi kuwa ngumu.

Wakati huo nchi nayo ilikuwa inageuka. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala kililegeza masharti ya uongozi ya Arusha, viongozi wakaruhusiwa kumiliki hisa. Baada ya hapo mashirika ya umma yakaanza kuuzwa, moja baada ya jingine. Mwaka 2005 zamu ya Kiwira ikafika. Hisa nyingi zilichukuliwa na kampuni iitwayo TanPower Resources, Serikali ikabaki na chache. Tukaahidiwa megawati 200 badala ya 6.

Megawati 200 hazikuonekana. Uzalishaji ukasimama, wafanyakazi wakabaki wakidai mishahara yao. Ndipo maswali yalipoanza kuulizwa Bungeni na magazetini. Mgodi uliuzwa kwa bei gani? Nani alishindana na mnunuzi? Je, ni kweli kwamba miongoni mwa wenye hisa walikuwamo watu wa karibu na wakubwa wa wakati ule? Yalikuwa maswali mazuri, lakini yalikuja wakati ng'ombe ameshatoka zizini. Mwaka 2013 Serikali iliurudisha mgodi kwa STAMICO, ukiwa na madeni na mitambo iliyochakaa.

Hapo watu hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza husema: unaona, ubinafsishaji ndio uliotumaliza. Wa pili hujibu: Serikali haijui biashara, mgodi ulikuwa taabani kabla haujauzwa. Mimi naona kila kundi limeshika nusu ya ukweli. Kiwira ulidhoofika ukiwa wa Serikali, na ukasimama ukiwa wa watu binafsi. Wenyewe walibadilika, lakini kitu kimoja hakikubadilika: mwananchi wa kawaida hakuonyeshwa hesabu.

Tazama India. Mwaka 1956 Serikali ya nchi ile ilianzisha kampuni huko Neyveli, katika jimbo la Tamil Nadu, ichimbe lignaiti, yaani makaa laini ya daraja la chini, na kuyachoma papo hapo kwa umeme. Mpango ni ule ule wa Kiwira, mgodi na mtambo mahali pamoja. Leo kampuni hiyo inazalisha maelfu ya megawati. Sisemi kwamba Neyveli hakuna manung'uniko. Wakulima waliohamishwa mashambani wanayo mengi. Lakini mwaka 2013 Serikali kuu ilipotaka kuuza sehemu ndogo tu ya hisa, jambo lilitangazwa waziwazi, wafanyakazi wakagoma, na serikali ya jimbo ikapanga hisa hizo zinunuliwe na mashirika yake yenyewe. Waliuliza kabla ya kuuza. Sisi tuliuliza baada ya kuuza.

Usidhani kwamba kuuliza si desturi yetu. Mwaka 1951 Serikali ya Mwingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wazee wetu hawakunyamaza. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kulieleza Umoja wa Mataifa. Kila aliyetoa shilingi yake alijua ardhi ile ni yake. Inakuwaje basi mjukuu wa watu wale asikie mgodi wa taifa unauzwa, aseme hayo ni mambo ya wakubwa?

Mtu atasema, megawati 6 ni kitu gani, siku hizi tuna Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Kweli, bwawa ni kubwa. Lakini mkono uliozembea kitu kidogo hauwi mwangalifu kwa sababu umepewa kikubwa. Hata Kiwira kwenyewe habari haijaisha. STAMICO sasa inatengeneza mkaa wa kupikia kutokana na makaa ya mawe, ili miti ipone. Mkaa huo unatuhusu sisi tunaoishi chini ya misitu ya Meru, na hesabu zake vile vile zinatuhusu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Kiwira liko mbali, lakini yako yaliyo karibu: la mradi wa maji, la chama cha ushirika, la serikali ya kijiji. Mkutano wa kijiji utakapoitishwa, nenda, kaa mbele, omba usomewe mapato na matumizi. Wakikuambia daftari halipo, usiondoke.