Namba za IP: viwanja viligawiwa sisi tukiwa wapi?

Ukikaa mbele ya kompyuta yenye Linux ukaandika ip addr, itakujibu kwa mistari kadhaa. Mmoja utaanza na neno inet, kisha namba kama 192.168.1.10/24. Hiyo ndiyo anwani ya IP ya kadi yako ya mtandao. Wengi wetu huishia hapo: mtandao unafanya kazi, basi, tunaendelea na shughuli. Leo naomba tukae na namba hiyo kidogo, ndugu msomaji, maana ndani yake kuna siasa. Tena ni siasa ileile tunayoijua sana: ugawaji wa viwanja.

Tuanze na mwanzo. Mwezi Septemba 1981, Jon Postel wa Marekani alihariri waraka ulioweka kanuni za itifaki ya IP. Kila anwani ikapewa biti 32. Piga hesabu, utapata anwani 4,294,967,296. Wakati ule mtandao wenyewe, ARPANET, ulikuwa na mamia tu ya kompyuta, kwa hiyo bilioni 4 ilionekana kama pori lisilo na mwisho. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET ikahamia rasmi kwenye itifaki hiyo. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikatoa mfumo wa 4.2BSD ukiwa na amri iitwayo ifconfig, ya kuipa kadi ya mtandao anwani yake.

Sasa tazama viwanja vilivyogawiwa. Vilikuwa na madaraja. Kiwanja cha daraja A kilikuwa na anwani 16,777,216. IBM ikapata namba 9, Apple 17, chuo cha MIT 18, na kampuni ya magari ya Ford 19. Jeshi la Marekani likajikusanyia zaidi ya viwanja 10 vya ukubwa huo. Hakuna aliyeiba, uliomba ukapewa. Lakini ili uombe ulipaswa kuwepo, na sisi hatukuwepo.

Kuna kichekesho hapa. Kiwanja kizima cha 127, anwani milioni 16 na ushee, kilitengwa ili kompyuta iweze kuongea na yenyewe. Ndiyo ile 127.0.0.1 unayoiona kwenye kadi ya kubuni iitwayo lo. Kompyuta kuongea peke yake ilipata kiwanja kizima cha daraja A miaka mingi kabla ya shirika lolote la Afrika kukabidhiwa cha kuwagawia Waafrika.

Linux ilizaliwa mwaka 1991 mikononi mwa Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki. Miaka michache baadaye ilikuwa na mtandao wake na ifconfig yake, katika kifurushi cha net-tools kilichoanzwa na Fred van Kempen. Uliandika hivi:

ifconfig eth0 192.168.1.10 netmask 255.255.255.0

Hiyo 255.255.255.0 inaiambia kompyuta kwamba namba tatu za mwanzo ni mtaa, na ya mwisho ni nyumba. Lakini kufikia miaka hiyo wataalamu walikwisha kuona kwamba pori linakwisha. Mwaka 1993 wakafuta madaraja ya A, B na C, wakaruhusu kiwanja kikatwe ukubwa wowote. Ndiko ilikotoka ile /24: biti 24 za mtaa, zilizobaki za nyumba. Mrusi Alexey Kuznetsov alipoandika amri mpya ya ip kwa ajili ya Linux, alifuata mtindo huo:

ip addr add 192.168.1.10/24 dev eth0

Kadi moja ikaweza kubeba anwani nyingi bila shida. Ifconfig ikazeeka taratibu, na ilipofika mwaka 2017 Debian 9 ikaacha kuiweka yenyewe wakati wa kusimika mfumo.

Na hiyo 192.168 je? Si kiwanja chako, ndugu yangu. Waraka wa Februari 1996 uliitenga, pamoja na ile inayoanzia 10 na ile ya 172.16 hadi 172.31, kwa matumizi ya ndani tu. Mamilioni ya kompyuta duniani zina 192.168.1.10 saa hii. Zikitoka nje zinajificha nyuma ya anwani moja ya rauta. Linux 2.0, iliyotoka mwaka huohuo, iliweza kufanya kazi hiyo ya kujificha. Hivyo mgahawa wa intaneti wenye kompyuta 15 uliweza kuishi kwa anwani moja. Tukaishi kama wapangaji wa chumba kimoja, barua zote zikipitia kwa mwenye nyumba. Unaweza kutuma, lakini mtu wa nje hawezi kukugongea mlango moja kwa moja. Seva yako ukitaka ionekane, nenda kakodishe Ulaya.

Afrika ilipata ofisi yake ya kugawa namba, AFRINIC yenye makao Mauritius, mwaka 2005. Kabla ya hapo watoa huduma wetu waliomba Marekani au Amsterdam. Mwezi Aprili mwaka huo tukapewa kiwanja cha 41, ndiyo maana anwani nyingi za kwetu zinaanza na namba hiyo. Ikafuata 197 mwaka 2008, 105 mwaka 2010, na tarehe 3 Februari 2011 ghala la dunia likafungwa kwa kugawa vitano vya mwisho. Chetu kilikuwa 102. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Baada ya hapo namba zikawa mali. Mwaka 2011 Microsoft ilinunua anwani 666,624 za kampuni iliyofilisika ya Nortel kwa dola milioni 7.5. Na penye mali pana mikono. Uchunguzi wa AFRINIC uliotangazwa 2021 ulionyesha anwani zaidi ya milioni 2 zilichukuliwa ghalani bila idhini. Mwaka huohuo, katika mgogoro na kampuni moja kuhusu mamilioni ya anwani, mahakama ya Mauritius ilizuia akaunti za benki za AFRINIC. Kidogo tulichopata, nacho tukakigombania.

Je, tumeshindwa? Hapana. IPv6, iliyochapishwa Desemba 1995, ina biti 128. Ni ardhi ambayo hata aliyechelewa hajachelewa, na kiini cha Linux kimekuwa nayo tangu 1996. Hakuna wa kumpigia magoti.

Fanya jaribio hili. Andika ip -6 addr. Ukiona kwenye kadi yako anwani inayoanza na fe80 tu, ujue kompyuta yako iko tayari na imejipa anwani ya mtaani, ila mtandao uliounganishwa nao haujakupa ya kutokea nje. Linux haina kosa hapo. Mwulize anayekuuzia intaneti: anwani yangu iko wapi? Safari hii viwanja vipo, na sisi tupo.