Sungura Wawili wa Nantes

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji wa Nantes nchini Ufaransa, daktari aitwaye Stéphane Leduc aliwaunganisha sungura wawili kwenye saketi moja ya umeme. Mkondo uliingia kwa sungura wa kwanza kupitia kitambaa kilicholoweshwa strikinini. Ukatoka kwake na kuingia kwa wa pili kupitia maji matupu, kisha ukatoka kwa huyo wa pili kupitia kitambaa chenye sianidi. Hapakuwa na sindano wala kidonda. Sungura wa kwanza alishikwa na mitukutiko, mwili ukakakamaa kama wa mnyama aliyekula strikinini. Wa pili aliuawa na sianidi.

Leduc akachukua sungura wengine wawili. Sumu zilikuwa zilezile, ila safari hii aligeuza mwelekeo wa mkondo. Hakuna aliyedhurika.

Ni jaribio la kikatili, na sidhani kama kamati ya maadili ya chuo chochote leo ingelipitisha. Lakini lilimaliza ubishi mkubwa. Chembe za strikinini zikiyeyuka majini hubeba chaji chanya, kwa hiyo ncha chanya ya umeme huzisukuma mbali nayo, zikaingia mwilini. Za sianidi hubeba chaji hasi, na ncha hasi huzifanyia vivyo hivyo. Ukigeuza nyaya, kila ncha inaivuta sumu yake na kuizuia kitambaani. Kilichoua, basi, ni sumu iliyosukumwa na umeme, wala si umeme wenyewe. Njia hiyo ndiyo wataalamu wanayoiita ayontoforesisi.

Ubishi huo ulikuwa na umri wa miaka 150. Mnamo 1747 huko Venice, Gianfrancesco Pivati alitangaza kwamba ukifungia dawa ndani ya mrija wa kioo kisha ukautia umeme, nguvu ya dawa hupenya kioo na kumfikia mgonjwa. Ulaya ilisisimka. Mwaka 1749 Mfaransa Jean-Antoine Nollet, aliyekuwa bingwa wa umeme wa zama hizo, alifunga safari hadi Italia kwenda kujionea. Hakuona kitu. Nampenda Nollet kwa sababu hiyo: wengine walipoandika barua za kusifu, yeye alipanda gari la farasi.

Kosa la Pivati lilikuwa kwenye kioo, maana wazo la umeme kubeba dawa halikuwa la kipuuzi. Ngozi nayo ni kizuizi kikali. Tabaka lake la juu kabisa ni seli zilizokufa, jembamba kuliko unywele, na bado linazuia dawa nyingi zisipite. Waganga wetu wanaochanja chale kabla ya kupaka dawa walilijua jambo hili bila darubini: ngozi nzima haikubali, lazima uikate. Leduc alionyesha kwamba inaweza kukubali bila kukatwa.

Ila kwa miaka mingi baada yake ujuzi huu ulitangatanga. Matumizi yaliyodumu yalikuja mwaka 1959 kule Baltimore, Marekani, nayo hayakuponya mtu yeyote. Lewis Gibson na Robert Cooke walikuwa wakitafuta namna ya kupima jasho la watoto wanaoshukiwa kuwa na sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makamasi mazito. Jasho la watoto hao lina chumvi kupita kiasi. Kumfunika mtoto mgonjwa gubigubi ili atoke jasho kulikuwa kumtesa na kumhatarisha. Gibson na Cooke walitumia mkondo mdogo kusukuma pilokapini, dawa inayoamsha tezi za jasho, kwenye kipande kidogo cha ngozi ya mkono. Sehemu hiyo tu ndiyo iliyotoa jasho. Kipimo hicho kinatumika hadi leo.

Vibandiko vya dawa visivyo na umeme vilifuata: cha kwanza kuidhinishwa Marekani, mwaka 1979, kilikuwa cha kuzuia kichefuchefu cha safarini. Hivi hutegemea subira. Dawa hupenya polepole, na ukikibandua, iliyokwisha kujikusanya ngozini huendelea kuingia kwenye damu kwa saa nyingi. Kwa kichefuchefu si neno. Kwa fentanili, dawa ya maumivu yenye nguvu nyingi kuliko mofini, ni suala la uhai.

Hapo ndipo somo la sungura wa pili, wale walionusurika, lilipopata thamani. Mkondo unaweza kukatwa. Mwaka 2006 kiliidhinishwa kifaa kiitwacho Ionsys kwa wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji. Mgonjwa alibonyeza kitufe mara mbili, betri ikasukuma mikrogramu 40 za fentanili kwa dakika 10, na katika dakika hizo kifaa hakikumsikiliza tena. Baada ya saa 24 au dozi 80, kilijizima.

Mwaka 2008 kikaondolewa sokoni Ulaya. Kutu ilikuwa imeonekana kwenye sehemu moja ya kifaa, na ilihofiwa kwamba kutu hiyo ingeweza kukiwasha pasipo mtu kubonyeza. Yaani swichi, sababu yenyewe ya kuleta umeme, ndiyo iliyotiliwa shaka. Kilirudi mwaka 2015 kikiwa kimetengwa vipande viwili, dawa huku na elektroniki kule. Mwaka 2017 kampuni iliacha kukiuza.

Mwenzake, Zecuity, ulikuwa wa kipandauso. Ulifungwa kwenye mkono au paja, ukasukuma sumatriptani kwa saa 4, faraja kubwa kwa mtu anayetapika kila kidonge. Uliingia madukani Septemba 2015. Kufikia Juni 2016 wagonjwa walikuwa wameripoti kuungua na makovu ya kudumu pale ulipobandikwa, na kampuni ikasimamisha mauzo. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaambia waliobaki nao kwamba wakisikia maumivu makali wasisubiri saa 4 ziishe: waubandue papo hapo, kwa mkono.