Duka la mtandaoni likikataa kufunguka: Jinsi ya kutambua faili yenye kasoro

KUJENGA duka la mtandaoni kwenye tarakilishi ya nyumbani ni kazi moja, na kulipeleka kwenye seva ambako wanunuzi wataliona ni kazi nyingine kabisa. Wengi hukwama katika hatua hii ya pili. Duka lililofunguka vyema jana usiku huonyesha leo ukurasa mweupe mtupu, picha za viatu zilizokatika nusu, au ujumbe mrefu wa Kiingereza unaotaja nambari ya mstari ndani ya faili fulani. Mwenye duka hudhani programu imeharibika na huanza kuisakinisha upya, ilhali mara nyingi kasoro imo katika faili chache tu.

Mifano iliyomo humu inahusu osCommerce, programu ya bure ya kujengea maduka iliyoanzishwa nchini Ujerumani Machi 2000, na Zen Cart iliyochipuka kutokana nayo mwaka 2003. Anayetumia programu nyingine iliyoandikwa kwa lugha ya PHP atakumbana na matatizo yale yale, ingawa majina ya faili yatatofautiana.

Jambo la kwanza ni kusoma ujumbe wa kosa badala ya kuufunga. Programu ya kuhamisha faili, kama vile FileZilla, huandika majibu ya seva yakitanguliwa na nambari. Nambari 530 ina maana kwamba jina la mtumiaji au neno la siri halikukubaliwa. 550 humaanisha kwamba faili au folda haipatikani, au huna ruhusa ya kuigusa. 552 huashiria kwamba nafasi uliyolipia kwenye seva imejaa, na hapo hakuna la kufanya ila kufuta au kuongeza malipo. 425 hutokea pale njia ya pili ya kupitishia data inapozibwa na ukuta wa kinga. Tiba yake kwa kawaida ni kuchagua hali ya pasivu katika mipangilio, ili tarakilishi yako ndiyo ifungue njia zote mbili badala ya kungoja seva ikupigie hodi. Nayo 421 aghalabu huonekana unapofungua miunganisho mingi kwa wakati mmoja; punguza hadi mmoja.

Kosa linalosumbua zaidi, hata hivyo, halina nambari. Ni faili iliyofika nusu. Duka la aina hii lina mamia ya faili ndogo ndogo, na itifaki ya FTP hufungua muunganisho mpya kwa kila mojawapo. Umeme ukipotea au salio la data likiisha katikati ya safari, faili moja huweza kubaki na herufi chache au bila chochote ndani. PHP ikiifikia, hulalamika kwamba faili imekwisha bila kutarajiwa. Linganisha ukubwa wa faili katika pande zote mbili, kisha pakia upya zile tu zisizolingana. FileZilla huweka orodha ya zilizoshindwa kufika. Iwapo intaneti yako ni ya kusuasua, afadhali kuzifunga zote katika faili moja ya zip, uipakie, kisha uifungue kwenye seva kupitia kidhibiti faili ambacho kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti hukitoa.

Picha ikifika na rangi zilizovurugika au ikikataa kufunguka, chunguza namna ilivyohamishwa. FTP ina namna mbili: ya maandishi na ya jozi, yaani bainari. Katika namna ya maandishi, alama za mwisho wa mstari hubadilishwa, kwa sababu Windows hutumia alama mbili na Linux moja. Badiliko hilo halidhuru maandishi, lakini huiharibu picha au faili ya zip. Chagua bainari kisha uipakie tena.

Kuna pia suala la herufi kubwa na ndogo. Kwa Windows, Kiatu.JPG na kiatu.jpg ni kitu kimoja. Kwa seva ya Linux hizo ni faili mbili tofauti, na ndiyo maana picha iliyoonekana nyumbani hutoweka mtandaoni. Tumia herufi ndogo tangu mwanzo, bila nafasi katikati ya majina.

Faili inayohitaji macho makali kuliko zote ni configure.php. Katika toleo la pili la osCommerce ziko mbili: moja ndani ya folda ya includes, nyingine ndani ya includes ya upande wa msimamizi. Humo mna anwani ya duka, njia ya folda, na neno la siri la hifadhidata. Duka likijengwa kwenye Windows, njia huanza na C:, nayo seva haina kitu kama hicho; huko njia hufanana na /home/jina/public_html/. Usiporekebisha zote mbili, wanunuzi wataliona duka lakini wewe hutaweza kuingia kuongeza bidhaa, au kinyume chake. Unapoihariri, usiache nafasi au mstari mtupu kabla ya alama ya kufungulia PHP. Herufi moja isiyoonekana hutosha kuzusha lile onyo maarufu kwamba vichwa vya ukurasa vimekwisha kutumwa, na mnunuzi hushindwa kuingia katika akaunti yake.

Ruhusa za faili huandikwa kwa tarakimu tatu: ya mwenyewe, ya kundi lake, na ya watu wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1. Folda hupewa 755 na faili 644. Miongozo mingi ya zamani ilishauri 777 kila kitu kikikataa. Ushauri huo ni mbaya: unampa yeyote aliye kwenye seva uwezo wa kuandika ndani ya duka lako, na seva nyingine hukataa kuiendesha faili ya namna hiyo, zikarudisha kosa 500. Baada ya kusakinisha, weka configure.php kuwa 444 na ufute folda ya usakinishaji. Aidha, usiache nakala iitwayo configure.php.bak. Seva nyingi haziitambui kuwa PHP, hivyo huionyesha kama maandishi, neno la siri likiwa wazi kwa yeyote atakayeibahatisha anwani yake.

Hatari hiyo si ya nadharia tu. Hifadhidata ya duka ina majina, simu na anwani za wateja, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayezishikilia amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba zimevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, tumia SFTP badala ya FTP ya kawaida kila inapowezekana, kwani FTP hupitisha neno la siri bila kulificha.

Iwapo faili zote zimefika salama na duka bado halifunguki, tazama toleo la PHP. Maduka ya zamani huwasiliana na hifadhidata kwa amri ya mysql_connect, iliyoondolewa katika PHP 7 mnamo Desemba 2015. Hapo kupakia upya hata mara kumi hakutasaidia. Sharti upate toleo jipya la programu. Sababu kamili huwa imeandikwa katika faili ya error_log kwenye seva, mstari wa mwisho kabisa.

Kabla ya kumtangazia yeyote anwani, lifungue duka kwa simu ya mtu mwingine, ununue bidhaa moja hadi ukurasa wa malipo, na uangalie iwapo barua pepe ya uthibitisho imefika.