Aliyepita Njia Hiyo: Kutoka Granada hadi Dar es Salaam



Mgonjwa wa akili parokiani mwetu huombewa na wengi, lakini ni nadra aulizwe neno lolote. Wiki hii tumeona vema kutazama historia ya watu waliougua, kisha wakawa wahudumu wa wenzao.

Katika miaka ya 1530, mjini Granada, Hispania, mwuza vitabu mmoja mzaliwa wa Ureno, aliyewahi kuwa mchungaji na askari, alisikia mahubiri ya Yohane wa Avila. Akatoka akilia kwa sauti na kujitupa chini, akagawa mali yake yote. Watu wakamwona mwehu. Akafungiwa katika Hospitali ya Kifalme, ambako dawa ya wendawazimu ilikuwa kamba na mjeledi. Wasomi wanabishana hata leo kama aliugua kweli ama alizidiwa na majuto. Kwetu lililo kubwa zaidi ni kwamba alichapwa kama wenzake. Francisco de Castro, mwandishi wa kwanza wa maisha yake, asimulia kwamba humo humo alimwomba Kristo amjalie siku moja hospitali yake mwenyewe, apate kuwahudumia fukara na waliorukwa na akili jinsi apendavyo yeye. Akaipata. Huyo ndiye Mtakatifu Yohane wa Mungu, aliyefariki tarehe 8 Machi 1550.

Mwishoni mwa karne ya 18, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, Jean-Baptiste Pussin, ambaye mwenyewe aliingia humo akiugua kifua kikuu cha tezi, alipenda kuajiri waliopona wawe walinzi wa wodi ya wagonjwa wa akili. Aliona kwamba hao hawakuwa wepesi wa kupiga.

Huko Marekani, Clifford Beers alilazwa katika hospitali za wagonjwa wa akili kati ya mwaka 1900 na 1903, akaonja ukatili wake. Mwaka 1908 alichapisha kitabu cha maisha yake, na mwaka uliofuata akasaidia kuanzisha kamati ya kitaifa ya afya ya akili. Tusidhani alipona kabisa: ugonjwa ulimrudia uzeeni, akafia hospitalini mwaka 1943. Hata hivyo kazi yake haikubatilika kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, ushuhuda peke yake haukumpa mtu kazi wala ujira. Mwaka 1999 jimbo la Georgia lilikuwa la kwanza nchini humo ambako Medicaid, bima ya umma kwa wenye kipato kidogo, ilikubali kulipia msaada wa waliopitia ugonjwa. Mwaka 2007 serikali kuu ikaweka masharti: mhudumu wa namna hiyo awe na msimamizi, kazi yake iratibiwe na mpango wa matibabu, naye apate mafunzo na cheti. Mafunzo hayo hayamfanyi daktari. Hujifunza kusikiliza bila kuhukumu, kutunza siri, kusimulia habari zake kwa kiasi asije akamfunika mwenziwe, kutambua hatari na kuita msaada, na kujitunza ili asianguke tena. Jambo la mwisho, kwa maoni yetu, ndilo gumu kuliko yote.

Sisi tulizoea waelimishaji rika tangu vita dhidi ya UKIMWI. Wazo hili si geni. Mradi wa UPSIDES, ulioanza mwaka 2018, uliwaandaa wahudumu rika wa afya ya akili Dar es Salaam na katika hospitali ya Butabika, Kampala, sambamba na Ujerumani, India na Israeli. Wazee wetu walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na hapa maiti amefufuka, anasema. Wapo watakaouliza: je, mtu aliyewahi kufungwa kamba aaminiwe na mgonjwa? Granada waliuliza vivyo hivyo, nao wagonjwa wakazidi kubisha hodi mlangoni pa Yohane.