Wafasiri wa Hangzhou na Soko la Mtandaoni

Mwaka 1994, katika mji wa Hangzhou mashariki mwa China, mwalimu wa Kiingereza aitwaye Ma Yun alifungua ofisi ndogo ya tafsiri na kuipa jina la Haibo. Aliajiri walimu wenzake waliostaafu, watu ambao ujuzi wao ulikuwa umekaa bure tangu waache kufundisha. Baadaye dunia ilimjua mwalimu huyo kwa jina la Jack Ma, tajiri wa kampuni ya Alibaba. Wakati huo alikuwa akiuza huduma moja tu: kuwaandikia Wachina kwa lugha ambayo mteja wa ng'ambo angeielewa.

Historia ya soko la mtandaoni husimuliwa kama historia ya kompyuta. Lakini ukifuatilia pesa za mwanzo zilizolipwa na wenye viwanda wa Hangzhou, utakuta sehemu kubwa ya walichonunua ni maneno. Wafasiri walikuwapo kabla ya waya kufika mjini.

Haja yenyewe ilikuwa kubwa. Kwa miongo mingi China iliuza nje kupitia mashirika ya serikali, na tangu 1957 wanunuzi wa kigeni walikuwa wakikusanyika kwenye maonyesho makubwa ya Guangzhou, mara mbili kila mwaka. Mageuzi ya 1978 yalipofungua njia, mkoa wa Zhejiang, uliko mji wa Hangzhou, ulijaa viwanda vidogo vya watu binafsi. Kulikuwa na watengenezaji wa soksi, vifungo, taa na vifaa vya nyumbani. Mwenye kiwanda aliifahamu bidhaa yake vilivyo, ila barua ya Kiingereza ikimfikia mezani, hakuwa na wa kumsomea wala wa kumjibia.

Hata hivyo, Haibo haikupata faida mapema. Mapato ya miezi ya mwanzo hayakutosha hata kodi ya pango. Ma akawa anasafiri hadi Yiwu, mji wa bidhaa ndogondogo, na kurudi na mizigo ya maua na zawadi ambazo aliziuza ili ofisi isifungwe. Ni Yiwu hiyo hiyo ambako wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh hufuata mzigo siku hizi, wengi wao wakiwa na mkalimani wa kukodi pembeni.

Mwanzoni mwa 1995 Ma alifika Seattle, Marekani, na huko akaonyeshwa intaneti kwa mara ya kwanza. Kwa simulizi yake mwenyewe, alitafuta habari za bia. Akaziona bia za nchi nyingine, lakini ya China haikuwamo. Basi akaomba atengenezewe ukurasa mmoja wa kuitangaza Haibo. Ukurasa ulikuwa mkavu, hauna mapambo yoyote, na bado kabla ya usiku kuingia zilikuwa zimefika barua pepe tano za watu waliotaka kujua bei na huduma.

Aliporudi nyumbani alianzisha China Pages, orodha ya kampuni za Kichina kwa wasomaji wa nje. Namna kazi ilivyofanyika inastahili kutazamwa kwa karibu. Ma na wenzake walizunguka viwandani na hotelini wakikusanya vipeperushi na picha. Maelezo yalifasiriwa kwa Kiingereza, kisha bahasha nzima ikatumwa Seattle. Mafundi wa huko walitengeneza ukurasa, wakauchapa kwenye karatasi na kuurudisha Hangzhou kwa posta. Mteja alionyeshwa karatasi hiyo na kutakiwa kulipa.

Si ajabu kwamba wengi walidhani wanatapeliwa. Hangzhou haikuwa bado na huduma ya intaneti, kwa hiyo aliyelipia hakuwa na njia ya kuona alichokinunua. Ma aliwashauri wampigie simu jamaa au mshirika aliye nje awathibitishie kwamba ukurasa upo. Huduma ilipofika Shanghai mwaka huo huo, aliwaalika nyumbani kwake marafiki na watu wa televisheni, akaunganisha kompyuta kwa laini ya simu hadi Shanghai. Alisimulia baadaye kwamba walisubiri saa tatu na nusu, na kilichotokea kwenye kioo ni nusu ya ukurasa. Kwake huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Miongoni mwa wateja wa mwanzo ilikuwamo hoteli moja ya Hangzhou. Septemba 1995 Beijing ilikuwa mwenyeji wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella. Inasimuliwa kwamba wajumbe kadhaa walisafiri hadi Hangzhou na kufikia katika hoteli hiyo, kwa kuwa ndiyo waliyoiona mtandaoni kwa lugha wanayoisoma.

China Pages ilimponyoka Ma mikononi baada ya kuungana na shirika la simu la mji. Fundisho lake hakulipoteza. Mwaka 1999, yeye na wenzake 17 walianzisha Alibaba ndani ya nyumba yake, na mwaka 2000 wakaanza kuuza huduma maalumu kwa wauzaji wa China waliotaka wanunuzi wa nje. Mawakala walipita kiwanda kwa kiwanda wakiwashawishi wenye viwanda walipe ada ya mwaka ili bidhaa zao zionekane kwa Kiingereza. Ada haikuwa ndogo: mwaka 2008, dunia ilipoyumba kiuchumi, kampuni ilileta kifurushi cha bei nafuu, nacho kiliuzwa yuan 19,800.

Halafu ikaja mashine. Mwaka 2014 eBay ya Marekani ilianza kufasiri kwa programu vichwa vya matangazo na maneno ya utafutaji kwa ajili ya wanunuzi wa Amerika ya Kusini na ya Kati. Wachumi Erik Brynjolfsson, Xiang Hui na Meng Liu walipoichunguza, walikuta mauzo ya nje kupitia jukwaa hilo yameongezeka kwa asilimia 10.9, matokeo waliyoyachapisha 2019. Kizuizi cha lugha kilikuwa kimepimwa kwa fedha.

Mashine ina aibu zake pia. Amazon ilipofungua duka la Sweden Oktoba 2020, matangazo mengi yaliyofasiriwa na programu yalijaa makosa, mengine yakiwa matusi, na ukurasa wenyewe uliwahi kuonyesha bendera ya Argentina mahali pa ile ya Sweden. Kampuni ililazimika kusahihisha hadharani. Mfasiri mwenye uzoefu angeyaona mengi ya hayo kwa kusoma mara moja, na ndiyo maana wauzaji makini bado hulipa mtu aipitie kazi ya mashine kabla mteja hajaiona.

Biashara hii imefika pia kwetu Afrika Mashariki. Tarehe 31 Oktoba 2018, Alibaba na serikali ya Rwanda walizindua mjini Kigali mpango uliowezesha kahawa ya Rwanda kuuzwa moja kwa moja kwa Wachina mtandaoni. Safari hii mwenye bidhaa ni mkulima wa Kiafrika, na mnunuzi anasoma Kichina. Ladha ya kahawa, mwinuko wa shamba na namna ya kuikaanga vyote vinahitaji mwandishi anayeijua lugha ya mkulima na ya mnunuzi, na anayeijua kahawa yenyewe. Watu wa kuanzia wapo: Taasisi za Confucius zilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005 na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2013, na wanafunzi wanaendelea kusoma Kichina humo. Vyama vya ushirika vya kahawa, chai na korosho vinavyolitazama soko hilo vina sababu ya kuwatafuta wahitimu hao mapema na kuwalipa kama wataalamu wa mauzo.